Taita, Taveta na mkwaju katikati: jinsi kabila linavyoundwa, linavyowekewa mipaka na linavyosafiri kwa simu

Anayefungua Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya 2010 hukuta kaunti 47 zimepangwa kwa nambari. Nambari sita ni Taita/Taveta, na baina ya majina hayo mawili pametiwa mkwaju. Ni kaunti mbili tu zilizoandikwa hivyo. Nyingine ni Elgeyo/Marakwet. Katika mazungumzo ya kila siku mkwaju huo hausikiki, na magazeti nayo huuacha nje ili kuokoa nafasi.

Lakini kwa mkazi wa Mata, wadi ya eneobunge la Taveta iliyo karibu na Ziwa Jipe kwenye mpaka wa Tanzania, mkwaju huo una uzito wake. Upande wa pili wa ziwa anaiona milima ya Upare. Akiwa na shughuli katika makao ya kaunti kule Mwatate, au akielekea Voi, barabara humpitisha katikati ya Mbuga ya Tsavo Magharibi kabla hajafika kwa wale anaohesabiwa nao kuwa wenyeji wa kaunti moja. Je, yeye ni Mtaita? Sheria haimwulizi swali hilo. Huulizwa na jirani, na mwanasiasa, na siku hizi huulizwa usiku wa manane na ujumbe unaoruka kutoka simu hadi simu.

Hapo ndipo wanapokutana wataalamu wanaochunguza mambo matatu ambayo zamani yalitafitiwa kila moja peke yake: siasa za utambulisho wa kikabila, mfumo wa kugawa mamlaka baina ya taifa na maeneo yake, na mitandao ya kijamii. Taita Taveta haitajwi sana katika mijadala hiyo, kwa kuwa haikuwa kitovu cha ghasia za 2007 na 2008. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo hatua za kuundwa kwa kabila zimehifadhiwa vizuri zaidi katika kumbukumbu.

KABILA LINA UMRI

Mwanahistoria Bill Bravman alichapisha mnamo 1998 kitabu kuhusu jamii za Taita kati ya 1800 na 1950. Hoja yake kuu yaweza kumshtua msomaji aliyezoea kusikia kwamba makabila yalikuwapo tangu enzi na enzi. Anaonyesha kwamba watu wa milima ile, katika sehemu kubwa ya karne ya 19, hawakujihesabu kuwa kabila moja. Mtu alikuwa wa ukoo wake na wa ujirani wake. Milima yenyewe ilikuwa mitatu, Dawida, Saghala na Kasighau, na nyika kavu iliitenganisha. Lugha ya Saghala haikuwa ile ya Dawida. Kila ujirani ulikuwa na fighi zake, yaani misitu midogo iliyoaminika kuwalinda wakazi, na mgeni alikuwa mtu yeyote ambaye fighi hizo hazikumlinda, hata kama alitoka bonde la pili tu.

Jina moja lililowafunika wote lilitiwa nguvu kwanza na watu wa nje. Wafanyabiashara wa misafara walilitumia, kisha wamisionari wa Kianglikana waliofika Saghala mwaka 1883, na hatimaye serikali ya kikoloni iliyohitaji jina la kuandika katika daftari la kodi. Iwapo Bravman angeishia hapo, hoja yake isingekuwa ngeni, maana wasomi wengi wamedai kwamba mkoloni ndiye aliyeyabuni makabila ya Afrika. Yeye anakwenda mbele zaidi. Anasema wenyeji wenyewe ndio waliolishika jina hilo na kulijaza maana kwa kubishana. Vijana waliosoma shule za misheni walibishana na wazee juu ya mahari, juu ya tambiko na juu ya nani mwenye haki ya kurithi shamba. Katika mabishano hayo kila upande ulidai kutetea desturi za Kitaita, na kwa kudai hivyo mara elfu moja, pande zote mbili zikakubaliana bila kukusudia kwamba kuna kitu kiitwacho desturi za Kitaita.

Kilichowakusanya hasa ni ardhi. Mashamba makubwa ya walowezi na ya mkonge yalichukua sehemu za chini ya milima, nao watu wakabanwa juu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kikaundwa Chama cha Milima ya Taita, Woresha Kitha Mengo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Chama hicho kilishirikiana na Chama Kikuu cha Wakikuyu na kile cha Ukambani. Mnamo Mei 1940, vita vikiwa vimeanza Ulaya, serikali ilivipiga marufuku vyama vyote vitatu na kuwazuilia viongozi wao Kapenguria, zaidi ya miaka kumi kabla ya Jomo Kenyatta kufikishwa huko. Jambo hili halisimuliwi vya kutosha: siasa za kwanza zilizowaunganisha Wataita kama Wataita zilikuwa pia siasa za kushirikiana na makabila mengine.

Taveta ina historia yake. Msitu wa mto Lumi ulikuwa kituo mashuhuri cha misafara. Lugha ya Kitaveta inakaribiana na lugha za Upareni kuliko Kidawida. Vita Vikuu vya Kwanza vilifika huko mapema kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Wajerumani waliushika mji wa Taveta mnamo Agosti 1914, na mnamo Februari 1916 majeshi yalipambana katika kilima cha Salaita. Baadaye likaja shamba kubwa la mkonge la Ewart Grogan, na pamoja nalo wafanyakazi kutoka kila upande. Hadi leo soko la Taveta huwakutanisha Wataveta, Wataita, Wakamba, Wapare, Wamaasai na wengine wengi, na anayetaka kuwapanga kwa kabila atajichosha bure.

AINA MBILI ZA UKABILA

Mwanahistoria John Lonsdale wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliwapa watafiti chombo cha kutenganisha mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Alitofautisha aina mbili za hisia za kikabila. Ya kwanza ni mjadala wa ndani: nani ni mtu mwema miongoni mwetu, tajiri anawiwa nini na maskini, kijana anamheshimuje mzee. Ya pili ni mashindano ya nje, ambapo viongozi huwapanga watu wao kama jeshi ili wapate sehemu ya mali ya serikali. Aina ya kwanza humlazimu kiongozi awajibike kwa watu wake. Ya pili humpa kisingizio cha kutowajibika, maana akiulizwa fedha zimekwenda wapi hujibu kwamba kabila lake linaandamwa.

Tofauti hii si ya darasani tu, kwani muundo wa serikali unaweza kulisukuma kabila moja lile lile kutoka aina ya kwanza kwenda ya pili. Kenya imejaribu miundo kadhaa.

Jaribio la kwanza lilikuwa majimbo. Chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala wa Pwani, kilihofia kwamba makabila makubwa yaliyokuwa ndani ya KANU yangeyameza yale madogo. Katiba ya 1963 ikaunda majimbo saba, kila moja na bunge lake, mbali na eneo la Nairobi. Muundo huo haukudumu. Mnamo Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe na kujiunga na serikali, na majimbo yakazikwa kabla ya nchi kuwa jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo.

Taita Taveta iliwekwa katika jimbo la Pwani, na hapo likazaliwa fumbo ambalo halijafumbuliwa. Dai la kihistoria la Pwani, lile lililofufuliwa na vuguvugu la MRC kwa kaulimbiu ya “Pwani si Kenya”, linategemea ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na mikataba ya 1895 na 1963. Milima ya Taita iko nje ya ukanda huo. Kwa hati za Sultani Mtaita si mpwani, kwa mipaka ya mkoa alikuwa mpwani, na kwa macho ya mtu wa Nairobi ni mpwani aliyezoea baridi. Majimbo yalipozungumzwa upya miaka ya 1990, safari hii na wanasiasa waliotaka “wageni” wafukuzwe Bonde la Ufa, na yalipotokea mauaji ya Likoni mnamo Agosti 1997, neno lenyewe lilikuwa limekwisha kupata harufu ya damu. Ndiyo maana waandishi wa Katiba ya 2010 walilikwepa, wakachagua ugatuzi.

MIPAKA YA FEDHA

Ugatuzi wa Kenya haukufuata njia ya Ethiopia, ambayo katiba yake ya 1995 iliyapa mataifa na makabila haki ya kujitawala na hata kujitenga. Katiba ya Kenya haitamki kwamba kaunti ni ya kabila fulani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaagiza, kinyume chake, kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziwaendee watu wasio wa jamii yenye wengi katika kaunti.

Lakini kaunti zenyewe zilichorwa juu ya wilaya za sheria ya 1992, na nyingi za wilaya hizo zilifuata mistari ya mkoloni, aliyezigawa kwa kabila. Enzi ya mkuu wa wilaya, mpaka ulikuwa mstari wa kiutawala tu, na fedha zote zilitoka Nairobi. Kuanzia 2013 kaunti kwa pamoja hupata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na kila moja hujiongezea kwa ada za masoko, leseni na maegesho. Mpaka umegeuka kuwa mstari wa fedha.

Taita Taveta inaukumbana na ukweli huu katika ncha zake mbili kwenye barabara kuu ya Mombasa. Mtito Andei inavutana na Makueni. Mackinnon Road inavutana na Kwale. Ni miji ya malori, hoteli na maduka, yenye ada za kukusanywa kila siku. Mfanyabiashara wa hapo anataka kujua amlipe nani. Lakini wanasiasa wanapoulizwa hoja zao hawazungumzii risiti, huzungumzia mababu. Kila upande huanza kusimulia nani alichunga ng'ombe wapi, na kilima kipi kilipewa jina na nani. Bravman angeitambua mara moja hali hii: historia inatafutwa kwa sababu kuna kitu cha kugawana.

Na cha kugawana ni kidogo. Mbuga za Tsavo, zilizotangazwa mwaka 1948, zinachukua takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti, nayo ada ya watalii huchukuliwa na shirika la kitaifa. Wanyama hawajui mpaka. Ndovu wa Tsavo Magharibi huingia mashambani, na mkulima hungoja fidia. Katika ardhi iliyobaki kuna mashamba ya mkonge, na ranchi ambazo wafugaji kutoka kaunti nyingine huingiza mifugo wakati wa ukame. Watu 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wanagombania sehemu ndogo mno ya ramani iliyo na jina lao. Chini ya hali hiyo, neno “mgeni” hupata makali haraka.

Hata hivyo, matokeo ya kura yanawasuta wale wanaodhani kaunti ndogo hupiga kura kwa kabila moja kwa moja. Magavana watatu wa kwanza walichaguliwa kwa njia tatu tofauti: John Mruttu kwa tikiti ya ODM mwaka 2013, Granton Samboja kwa Wiper mwaka 2017, na Andrew Mwadime bila chama mwaka 2022. Mgogoro mkubwa uliowahi kuitikisa kaunti hiyo haukuwa wa Mtaita na Mtaveta pia. Mwaka 2019 Gavana Samboja na madiwani waligombana kuhusu fedha za maendeleo ya wadi. Gavana alikataa kutia saini bajeti na kuanza kukusanya saini za wananchi ili kaunti yenyewe ivunjwe. Mnamo Oktoba madiwani walipiga kura kumtimua; Seneti ikamwokoa mwezi huo huo. Ugomvi ulikuwa wa wadi na makao makuu: fedha zifike Mata, Kasighau na Mbololo kwa njia gani, na kwa mkono wa nani. Kwa lugha ya Lonsdale, huo ulikuwa mjadala wa ndani, ingawa uliendeshwa kwa kelele.

UJUMBE ULIOFUNGWA NDANI

Tatu katika hesabu ya watafiti ni simu. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100, zilikuwa za kwanza nchini ambapo arafa zilitajwa kuwa chombo cha chuki. Kila arafa ililipiwa, kwa hiyo mtumaji alipima. Wakati huo huo Wakenya wachache walibuni jukwaa la Ushahidi mnamo Januari 2008, ambako raia waliripoti matukio kwa simu na kuyaona kwenye ramani. Chombo kilikuwa kimoja, na matumizi yalikuwa mawili yanayopingana. Mwandishi Nanjala Nyabola, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu demokrasia ya kidijitali nchini Kenya, anakataa kuihukumu mitandao kuwa mwokozi au mwangamizi. Anaonyesha jinsi wananchi walivyoitumia kuwahoji wakubwa, na jinsi wakubwa walivyojifunza upesi kuitumia dhidi ya wananchi.

Kinachohitaji kueleweka ni tofauti kati ya uwanja wa wazi na chumba kilichofungwa. Ujumbe wa X au TikTok huonwa na kila mtu, na Mkamba wa Mtito Andei anaweza kumjibu Mtaita wa Voi hadharani. Kundi la WhatsApp ni chumba. Mengi ya makundi hayo huanzishwa kwa jambo jema: kuchangia mazishi, karo, au hospitali. Humo Kidawida huandikwa na vijana ambao shuleni hawakuwahi kufundishwa kukiandika, na mtoto wa Mata aliyeajiriwa Nairobi hujua usiku huo huo kwamba daraja la kwao limekatika. Huu ni ule mjadala wa ndani ambao zamani ulihitaji baraza la wazee. Diwani akitafuna fedha za basari hutajwa kwa jina.

Tatizo ni kwamba mlango wa chumba hicho hufunguka upande mmja tu. Uvumi kuhusu “wao” ukiingia, hakuna hata mmoja wao aliyemo ndani wa kuukanusha. Tena unaletwa na shangazi au mwalimu wa zamani, si mgeni, na heshima huzuia ubishi. Kampuni ya WhatsApp ilipunguza idadi ya makundi yanayoweza kutumiwa ujumbe kwa mara moja hadi matano mnamo Januari 2019, na mwaka uliofuata ikazidisha masharti kwa ujumbe uliosambaa mno. Masharti hayo yalipunguza kasi ya uvumi, lakini hayakugusa imani ambayo ndugu humpa ndugu.

Ethiopia inaonyesha mambo yanayoweza kutokea pale mipaka ya kikabila na mitandao inapokutana na vita. Mnamo Novemba 2021 profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Meareg Amare, Mtigrinya, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake baada ya jumbe za Facebook kumtaja kwa jina na kumchochea watu dhidi yake. Kesi ya mwanawe dhidi ya kampuni ya Meta iliwasilishwa Nairobi mnamo Desemba 2022, kwa kuwa kazi ya kuchuja ujumbe wa eneo hili ilifanyiwa hapa. Mnamo Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza.

Upande wa pili wa mizani kuna Juni 2024. Vijana waliojipanga kupitia TikTok na X kupinga Mswada wa Fedha walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana chama, wala hawana kiongozi. Baadhi ya wachambuzi waliharakisha kuuzika ukabila. Ni mapema mno. Kodi ya mkate humgusa kila Mkenya kwa njia moja, na ni rahisi kuwa bila kabila mbele yake. Mpaka wa Mackinnon Road haumgusi kila Mkenya kwa njia moja.

Kuubadilisha mpaka huo, Katiba imeweka utaratibu mgumu katika Kifungu cha 188. Lazima tume huru iundwe na Bunge na ipendekeze mabadiliko, kisha yaungwe mkono na thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Miongoni mwa mambo ambayo mpaka mpya unaweza kuzingatia ni wingi wa watu, miundomsingi, gharama za utawala, maoni ya jamii husika, na uhusiano wa kihistoria na kitamaduni.

Hilo la mwisho ndilo litakaloisumbua tume yoyote itakayofika huko, maana italazimika kuchagua historia ya mwaka gani. Mnamo 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasighau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha hadi Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia hawakurejea kwenye mlima wao hadi miaka ya 1930. Karani aliyepita Kasighau katika miaka hiyo angeandika kwamba nchi haina wenyewe.